Mbegu ya Tanuri

Jumatatu Vera Awiti alirudi kazini baada ya homa, akavaa koti la ngozi na kofia yenye kioo cha usoni, akachomeka kichwa kipya kwenye ncha ya mwiko, akapanda jukwaani. Mwiko ni fimbo ndefu ya chuma yenye waya ndani. Wafanyakazi waliupa jina hilo kwa sababu chuma kilichoyeyuka wao hukiita uji, na uji wa namna ile hauonjwi kwa kidole. Kichwa chake ni cha karatasi ngumu na hutumika mara moja tu. Kikizamishwa kinaungua, lakini kabla hakijaungua hutuma joto la mle ndani kwenye kioo cha ukutani chenye tarakimu nyekundu, na hapo ndipo msimamizi huamua kama chuma kimeiva.

Vera akazamisha mwiko. Uji ulikuwa mweupe, ukitokota na kurusha cheche kama siku zote. Kioo kikasita kidogo, kikaandika thelathini na saba.

"Hali gani?" Fabiano akauliza kwenye redio ya mkononi. Fabiano ndiye msimamizi wa zamu, na hukaa chini, ndani ya kibanda cha vioo, mbali na cheche.

"Thelathini na saba."

Redio ikakwaruza. "Ludia, nyabo," akasema, akimwita bibi kwa Kiganda.

Vera akachomeka kichwa kingine, akarudia. Thelathini na saba. Cheche moja ikaruka ikatoboa mkono wa koti lake.

"Langi yake?"

"Nyeupe."

Jibu hilo lilimtosha Fabiano. Alikuwa mtu mzima, ameanza kazi hii enzi za kupima kwa jicho. "Kale," akasema, yaani haya basi. "Mwaga."

Wakamwaga.

Hapa inafaa kueleza habari ya neno moja, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Fabiano ni Muganda, na ulimi wa Muganda hujichagulia wenyewe wapi iende r na wapi iende l, mwenye ulimi hana sauti katika jambo hilo. Kwake yeye hari na hali ni kitu kimoja. Akiuliza "hali gani", anataka kujua joto la chuma limefika wapi. Vera alipotoka Siaya kuja kuajiriwa katika kiwanda hiki cha nondo, chini ya kilima cha Kyambogo, Kampala, hakuna aliyemwambia. Siku yake ya kwanza jukwaani redio ilimuuliza hali gani, naye kwa adabu aliyolelewa nayo akajibu, "Nzuri sana, mzee. Sijui wewe na watu wa nyumbani?"

Kiwanda kizima kilicheka. Wakongo wa kwenye winchi walicheka mpaka mzigo ukayumba hewani. Ni mtu mmoja tu ambaye hakucheka, Okwera, kijana wa Kitgum aliyekuwa akilisha tanuri vyuma chakavu. Alipanda ngazi akamwambia, "Anataka namba, dada. Huyu hana haja na wewe uko namna gani." Kisha akafuta jasho, akaongeza, "Mimi ndiyo niko na haja. Hali gani?"

Okwera alikuwa mtoto wa polisi, amekulia kambini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini vilevile: kimenyooka kwa amri, kimepinda kwa sarufi. Kilimtosha kuoa nacho. Katika chumba chao cha kupanga kule Banda, Vera na Okwera hawakuambiana nzuri wala salama. Waliambiana namba. Thelathini na saba ilikuwa mzima, nimeshiba, nakupenda, kila kitu kiko mahali pake. Vera akikasirika alijibu elfu moja mia sita, na Okwera alitoka akakaa kizingitini akisubiri ipoe.

Asubuhi ile ya homa Vera aliamka akitetemeka. Okwera alimwekea kiganja shingoni. "Hali gani?"

"Thelathini na tisa," Vera akasema, meno yakigongana.

"Shuka basi. Leo mimi nashika mwiko yako. Nikirudi nataka nikute thelathini na saba."

Akamfunika kwa blanketi, juu ya blanketi akaweka jaketi lake, akaenda. Hakurudi.

Jukwaa la kupimia lina uzio wa chuma kuzunguka mdomo wa tanuri. Kipande kimoja cha uzio huo kiling'oka zamani, tena pale pale anaposimama mpimaji, kwa sababu kwingine kote moshi humziba macho. Kiwanda kinatoa nondo za kujengea nusu ya Kampala, lakini nondo moja ya kuziba pengo lile haikupatikana. Kinyozi hajinyoi, wafanyakazi walisema, wakafunga kamba ya manila ya bluu. Waliokuwa zamuni siku ile walimwona Okwera akizamisha mwiko, wakaiona kamba ikikatika. Kisha wakaitwa ofisini mmoja mmoja, wakaambiwa kwamba hawakuona. Mlinzi wa getini akasema alimwona Okwera akitoka na mkoba mweusi begani. Okwera hakuwahi kuwa na mkoba. Kwenye ubao wa matangazo pakabandikwa kwamba ametoroka kazi, na kwa kuwa uji ule ulikuwa na mteja anayeusubiri, ulimwagwa ukawa nondo. Funika kombe mwanaharamu apite.

Kwa hiyo Jumatatu ile Vera aliposhuka jukwaani, tayari alikuwa anajua mumewe yuko wapi. Hakupiga kelele. Alining'iniza koti kwenye msumari wake, akaenda chooni, akalia akiwa amefungulia maji. Jioni Fabiano alikuja Banda na sukari na mchele, akakaa kwenye kiti cha Okwera, akashika kofia yake kwa mikono miwili, akalia naye bila kusema sababu. Alipoondoka alisema tu, "Kweri, nyabo. Kweri."

Tanuri lile halimwagwi likaisha. Wakimimina huacha uji kidogo chini, wanaouita mbegu, kwa sababu vyuma chakavu vikirushwa juu ya mbegu iliyo moto huyeyuka upesi, na vikirushwa kwenye tanuri tupu hugoma. Mbegu ya leo huzaa chuma cha kesho, na chuma cha kesho huacha mbegu yake. Ndivyo mama mwenye busara anavyobakiza kipande cha unga uliochachuka ili kesho apike tena. Okwera alikuwa ndani ya mbegu. Kila siku wakamimina, na kila siku akabaki.

Uongozi ulidhani kifaa kimeharibika. Wakabadilisha waya, wakabadilisha kioo, wakaagiza mwiko mpya kutoka nje, ukaja ndani ya sanduku lenye povu. Thelathini na saba. Wakamwita mtaalamu. Naye alikuwa mtu mwangalifu na mwenye heshima: akazamisha vifaa vyake mwenyewe, akasoma, akasema vifaa vyote vinasema kweli na macho yake pia yanasema kweli, akanywa soda, akaaga. Tangu hapo Vera akawa anasoma namba kama kawaida na Fabiano anauliza rangi, na chuma kikatoka safi.

Ila nondo hazikupoa. Zilitoka zikiwaka, zikageuka nyekundu, zikawa za kijivu, zikashuka mpaka kufikia joto la kiganja cha mtu mzima, zikakwama hapo. Mvua ilizinyea ghalani zikafuka mvuke. Paka wote wa eneo lile walihamia juu yake. Wateja mwanzoni walishikashika na kuguna, kisha wakazizoea, kisha wakaanza kuzitaka hizo hizo. Kule Bwaise, ambako maji hayaombi ruhusa kuingia chumbani, nyumba zilizojengwa kwa nondo hizo zilikauka siku ya pili baada ya mafuriko, na watoto wa humo wakaacha kukohoa. Kiwanda kikapaka maneno ukutani kwa rangi nyekundu: NONDO ZENYE UHAI. Mchoraji hakujua anaandika nini, na aliyemtuma alijua.

Nondo za siku ile yenyewe, za mmimino wa kwanza, zilikwenda Mengo, zikawa nguzo za jengo la maduka. Vera akapaulizia, akapajua. Jumapili baada ya kanisa alikuwa anakwenda kule, anasimama kwenye baraza, anaegemeza mgongo kwenye nguzo ya pembeni. Ilikuwa na joto kuanzia kisiginoni mpaka kisogoni. Chini ya nguzo hiyo fundi cherehani mmoja, Rehemah, alikuwa ameweka mashine yake.

"Nyabo, na wewe umekuja kuota?" Rehemah akamuuliza mara ya kwanza.

"Kuota moto au kuota ndoto?"

Rehemah alicheka, uzi mdomoni. "Hapa yote inapatikana. Asubuhi naweka mgongo hapo, naona kama mtu ananiuliza niko aje." Akamsogezea kigoda. Vera hakukaa. Alitaka kuegemea wima, kama alivyokuwa akimwegemea mumewe kwenye foleni ya maji. Alitamani nguzo ile ingekuwa na mikono. Alitamani hata ingekuwa na harufu ya sabuni ya kipande, maana ilikuwa na joto lake kamili na hakuna kingine chochote chake. Akirudi Banda kitanda kilikuwa baridi kupita kiasi.

Hakuwa mjane, kwa sababu hakukuwa na kifo. Hakuwa mke, kwa sababu hakukuwa na mume. Wanaume wa mtaani walimsalimia kwa namna mbili tofauti, kila mmoja kwa jinsi alivyokisia.

Siku ya mwisho kabla ya likizo yake alichukua sampuli. Kila uji unapoiva, mpimaji huchota kidogo kwa kijiko, kikigeuka kidonge kama kifungo cha koti hupelekwa maabara kuangaliwa. Vera alichota vidonge viwili, kimoja akakipeleka maabara, kingine akakitia kifuani, akapanda basi la kwenda Kitgum. Njia nzima kilikaa pale kikimpasha joto.

Mama yake Okwera, Adoch, alikuwa amekwisha kupata habari kwa simu na kuchagua mahali pa kumzika mwanawe, kando ya kaburi la mumewe, akapafagia. Kijaluo cha Vera na Kiacholi cha Adoch vilielewana nusu, nusu nyingine wakaiziba kwa Kiswahili cha kambini, ambacho mama huyo alikaa nacho miaka yote ya upolisi wa mumewe. Vera akamweleza yote, akaweka kidonge kwenye kiganja chake. Adoch akakifumba. Akakaa hivyo mpaka kuku wakapanda kulala.

"Huyu iko na joto," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Joto ya mtu."

"Ndiyo."

"Sisi hapana zika mtu ya joto, mwanangu." Akasema hivyo kwa upole mwingi, kama anayemkatalia mgeni chakula ambacho hakijaiva. Wazee wa ukoo wakaja, wakakipokezana, kila mmoja akakishika kidogo na kumsalimia Okwera kwa jina, na wote wakakubaliana na mama. Mtu mwenye joto hafukiwi. Ingekuwa kuua.

"Yeye bado iko kwa moto," Adoch akamwambia Vera asubuhi akimsindikiza barabarani. "Hii kidogo itapoa namna gani, na mwenyewe bado naiva? Toa yeye yote kwa moto. Wacha apoe. Halafu lete mtoto yangu, mimi nalaza yeye hapa." Akamrudishia kidonge, akakichukua tena, akakibusu, akakirudisha.

Basi Vera akajua anachotaka. Tanuri limwagwe lote, mbegu itolewe, ipoe.

Meneja wa kiwanda aliitwa Ojera, naye ni mtu wa huko huko kaskazini. Ofisi yake ilikuwa na kiyoyozi kikali, na juu ya meza aliweka kipande kifupi cha nondo ambacho alikuwa akikishika akisoma, ili vidole visife ganzi. Alimkaribisha Vera vizuri, akamvutia kiti.

"Okwera alitoroka kazi, madamu," akasema baada ya kumsikiliza. "Mtu mwenye alitoroka hawezi kuwa ndani ya tanuri."

"Na kama yumo?"

"Kama yumo, hakutoroka. Kama hakutoroka, tulisema uongo. Sasa unataka niseme nini?"

"Wewe ni mtu wa Kitgum, mzee. Unajua mama anavyokaa na mahali palipofagiwa."

Ojera akatazama mkono wake juu ya kile kipande cha nondo, akauondoa, akauweka mapajani. "Najua," akasema. "Lakini wateja wanauliza zile za joto. Mbegu ikitoka, joto inatoka." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya na alitaka kumaliza kwa neno jema, akamwambia maji yakimwagika hayazoleki, akamshauri arudi kwao Siaya apumzike.

"Hayajamwagika, mzee," Vera akasema. "Ndiyo shida yangu."

Akatoka. Mlangoni aligeuka akaona mkono wa meneja umekwisha kurudi juu ya kipande.

Akangoja. Tanuri lina udongo wake wa ndani, nao huliwa na uji kidogo kidogo mpaka unakuwa mwembamba, na hapo hakuna meneja wala mteja atakayeamua vinginevyo: lazima litolewe kila kitu, libomolewe ndani, lijazwe udongo mpya. Siku hiyo ilipofika Vera alikuja na jaketi la Okwera ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki. Alikuwa amempigia simu Adoch, na Adoch alikuwa amewaambia wazee wakae karibu. Ghafla alijiona kama bibi harusi, akaona aibu, akaficha mfuko nyuma ya makoti ya kazi.

Lakini wakati wa kumwaga alikuta tanuri dogo la akiba, ambalo halikuwahi kuwashwa tangu yeye aajiriwe, limepashwa moto mpaka kuta zake zinang'aa. Ojera alikuwa amesimama kando yake amevaa kofia ngumu. Mbegu ingemiminwa humo, ikae ikitokota, na tanuri kubwa likishakarabatiwa irudishwe. Hakuna tone lingepoa.

Vera akashusha kioo cha kofia, akamwendea Fabiano kwenye kibanda chake. Hakutumia redio.

"Mzee Fabiano. Wewe ndiye unasema mwaga. Usiseme. Kaa kimya kidogo tu, iache igande kwenye ndoo ya kumiminia."

Fabiano akaitazama redio iliyokuwa mkononi mwake. "Nyabo Vera," akasema. "Nikinyamaza mimi, atasema mwingine. Na mimi nitakuwa nje ya geti na mkoba mweusi."

"Uliketi kwenye kiti chake."

"Niriketi." Macho yake yakajaa. "Mchele niliokuletea unatoka mle kiwandani, na watoto wangu wanakula mchele huo huo. Nisamehe." Akageukia kioo cha kibanda, akaangalia rangi, akaleta redio mdomoni, akasema mwaga. Sauti yake haikutetemeka, kwa sababu hiyo ni sauti ya kazi.

Mbegu ikapita hewani kutoka tanuri hadi tanuri, nyeupe, ikanguruma, ikaingia. Vera alisimama karibu kuliko inavyoruhusiwa. Joto likamlamba shingoni, mahali pale pale palipowahi kuwekwa kiganja.

Kazi ya udongo ilipoisha, mbegu ilirudishwa nyumbani kwake, vyuma chakavu vikarushwa juu yake, na zamu ikaendelea. Uongozi, kwa kujali usalama, ulibadilisha ile kamba: sasa ni ya njano. Jina la Okwera bado liko kwenye ubao, mtoro ambaye hajakosa zamu hata moja, hana likizo, hana mshahara, na nondo zake ziko Bwaise, ziko Mengo, zinapasha joto migongo ya watu wasiomjua. Adoch huendelea kufagia mahali pale. Akipiga simu haulizi habari. Huuliza kama amepoa.

Vera akapanda jukwaani, akachomeka kichwa kipya, akazamisha mwiko. Kioo hakikusita.

"Hali gani?" Fabiano akauliza.

"Thelathini na saba."

"Langi?"

"Nyeupe."

Kisha akazima redio, akainama juu ya kamba ya njano kadiri joto lilivyomruhusu, akasema kwa sauti ya nyumbani, "Na mimi nimeshuka. Thelathini na saba, kama ulivyotaka. Rudi basi."

Uji ukatokota. Kichwa cha mwiko kikaungua, na tarakimu zikazimika ukutani. Vera akawasha redio. Fabiano akasema mwaga, wakamwaga, wakabakiza mbegu.